Ni Nani Atakuuliza Uko Wapi?

Ijumaa ya Lubao huanza kwa kubweka. Kufikia saa mbili asubuhi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye watu wamejaa wakiwa na kamba mkononi, kila kamba na mbwa wake. Watoto wa mbwa wanaletwa kwa makatoni na magunia, wengine wanashuka kwa bodaboda wakiwa wamepakatwa kama abiria. Soko letu la mbwa linajulikana Kenya nzima. Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba wewe ni wa Lubao, swali lake la kwanza ni mbwa anauzwa pesa ngapi. Nimezoea.

Kitu ambacho wageni hawakioni ni kwamba wauzaji wale wanahesabiana. Kuna mzee mmoja alikosa Ijumaa mbili mfululizo. Ya tatu, wenzake wawili walichukua boda wakaenda hadi kwake. Walimkuta anaumwa, wakampeleka hospitali, wakarudi sokoni kumalizia biashara. Hakuna kamati iliyowatuma, wala hakuna fomu iliyojazwa.

Mimi nilikosa muhula mzima chuoni. Simu ya kwanza ya kuniuliza niko wapi ilitoka kwa mama wa chapati.

Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu yaliyonipata yangeweza kunipata popote. Niliingia 2019. Machi 2020 korona ikaturudisha nyumbani pamoja na wanafunzi wote wa Kenya, na masomo yalipofunguliwa tena mimi nilirudi mwili tu. Karo nilikuwa nadaiwa, ndiyo, lakini haikuwa karo peke yake. Nilikuwa naamka saa tano, nakaa kitandani hadi jioni, naenda kibandani kula chapo madondo kwa deni, narudi kulala. Siku moja nikafunga begi nikapanda gari la Kakamega. Potali ya chuo ikaendelea kunitumia ujumbe uleule: mpendwa mwanafunzi, kumbuka kusajili masomo yako. Mama wa chapati yeye alipiga simu. "Wewe, mbona huonekani? Unaumwa?" Nilikuwa na deni lake la shilingi 240. Hakulitaja mpaka nilipolitaja mimi.

Sasa mdogo wangu wa kike ameitwa chuo kikuu. Pamoja na barua walimpa kijitabu chenye picha za rangi: uwanja wa michezo, ofisi ya ushauri nasaha, kilabu cha drama, wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya. Ukurasa wote unahusu maisha ya chuoni nje ya darasa. Alinifuata jikoni akaniuliza, "Hizi vitu husaidia kweli, ama ni za kupigwa picha tu?"

Nilitaka kumjibu palepale kwamba ni picha tu. Lakini hapo ningekuwa namjibu kwa uchungu wangu. Kwa hivyo nikaanza kusoma, na nikakuta historia ambayo hakuna aliyenisimulia nilipokuwa fresha.

*

Tuanzie Kampala. Makerere ilianzishwa 1922, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Afrika Mashariki nzima, kikiwaandaa wanafunzi kwa digrii za Chuo Kikuu cha London. Waingereza walikuja na imani yao ya nyumbani kwamba mwanafunzi hafundishwi na mwalimu peke yake. Anafundishwa pia na bweni, na meza ya chakula, na uwanja wa mpira. Ndiyo maana mabweni ya Makerere yalikuwa na majina na fahari zake: Northcote, Mitchell, Livingstone, na Mary Stuart la wanawake. Na mabweni yalishindana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanafunzi mmoja wa Northcote aliandika michezo mifupi kwa ajili ya mashindano hayo. Bweni lilihitaji mchezo, yeye akakaa chini akauandika. Novemba 1962, wiki chache baada ya Uganda kupata uhuru, chama cha drama cha wanafunzi kikaigiza mchezo wake mrefu, The Black Hermit, katika jumba la taifa la maigizo mjini Kampala. Siku hizo aliitwa James Ngugi. Sisi tunamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Hadithi zake za mwanzo pia zilipitia Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza palepale Makerere.

Sisemi kwamba mashindano ya mabweni yalimzaa Ngũgĩ. Kipaji alikuwa nacho. Lakini tazama hali yenyewe: kijana wa miaka ishirini na kitu, mbali na nyumbani, na kuna kundi la watu wanaomngoja amalize kuandika ili wao waanze mazoezi. Akilala hadi saa tano, mtu atamgongea mlango.

Usidhani ilikuwa pepo. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula. Abu Mayanja, mmoja wa viongozi wao, akafukuzwa. Mwaka huohuo alikuwa ameshiriki kuanzisha chama cha siasa, Uganda National Congress, na baadaye akaenda kusomea Cambridge. Wakubwa wa chuo waliona utovu wa nidhamu juu ya sahani. Wanafunzi walikuwa wanauliza swali kubwa kuliko sahani: hapa tunaonekana kama watu gani? Swali hilo la chakula lishike, litarudi.

Nairobi nayo ilianza kupokea wanafunzi 1956 ikiitwa Royal Technical College, na 1970 ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Makerere ilikuwa imeanzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri mwaka 1965. Mwaka 1974 Nairobi ikafuata na chake. Wanafunzi walizunguka nchi wakiigiza kwa Kiswahili na Kiingereza, watu wakitazama bila kulipa. Mwaka 1977 ikazaliwa timu ya raga ya Mean Machine, na katika msimu wake wa kwanza ikachukua Kenya Cup, kombe lilelile ambalo Kabras Sugar, timu ya huku kwetu, ilikuja kulichukua 2016.

Nikifikiria lile basi la maigizo, naona kitu kimoja. Kabla basi halijaondoka, watu wanahesabiana. Mmoja akikosekana, mchezo hauna mfalme, au hauna mama mkwe, na hakuna wa kuziba nafasi hiyo saa moja asubuhi. Mwanafunzi yule anaweza kuwa ana huzuni, anaweza kuwa amefeli mtihani, lakini hawezi kutoweka kimyakimya.

*

Kuna kosa ningeweza kufanya hapa, nalo ni kudhani kwamba kila programu inayowakusanya wanafunzi ni nzuri. Historia yetu inakataa.

Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere akawafukuza karibu 400 na kuwarudisha makwao. Serikali ilitaka wasomi wajue maisha ya mkulima, na nia hiyo mimi siidharau. Lakini wanafunzi waliona wanaamriwa, hawaulizwi.

Kenya tulipitia yetu baada ya tarehe 1 Agosti 1982. Jaribio la mapinduzi lilishindwa, na wanafunzi wakaonekana maadui kwa sababu baadhi yao walishangilia barabarani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, Titus Adungosi, alifungwa miaka 10, akafia gerezani 1988. Wengine wengi walirudishwa vijijini na kuamriwa kuripoti kwa machifu wao.

Jirani yetu mmoja, sasa ni mstaafu anayefuga ng'ombe wawili na kusoma gazeti la jana, alikuwa miongoni mwao. Alitembea kila wiki kwenda kwa chifu kutia sahihi. Nilimuuliza ilikuwaje. Akafikiri kidogo. "Chifu alijua nipo," akaniambia. "Hakujua niko aje."

Kuanzia 1984, waliofuzu kuingia chuo kikuu walipelekwa kwanza kambi ya vijana wa NYS kule Gilgil, wapige gwaride na kufundishwa nidhamu kabla ya kuona maktaba. Mpango huo uliendelea hadi mwishoni mwa mwongo huo. Wapo waliopata marafiki wa maisha huko, na wapo wanaosimulia kwa kicheko. Lakini lengo lake halikuwa mwanafunzi awe salama. Lilikuwa serikali iwe salama kutokana na mwanafunzi. Kuangaliwa hivyo si sawa na kungojwa. Anayekuangalia anataka ujulikane uliko. Anayekungoja ana kazi ambayo bila wewe haitaendelea, au ana chakula ambacho kitapoa.

*

Na hapo ndipo sahani inarudi.

Mwaka 1990 vyuo vikuu vya umma vilipokea makundi mawili kwa wakati mmoja: watu wa mwisho wa mfumo wa zamani wa kidato cha sita, na watu wa kwanza wa 8-4-4. Chumba cha wawili kikawa cha wanne, na waliokosa nafasi wakalala kwa marafiki. Hao waliitwa mapaireti, jina ambalo bado lipo. Wakati huohuo serikali ilikuwa inabanwa na Benki ya Dunia na IMF ipunguze matumizi. Mwaka 1991 wanafunzi wakaambiwa wachangie karo ya shilingi 6,000. Kile chakula kilichokuwa kimeshapangwa kabla hujafika kikaondolewa, ukaja mfumo wa lipa ndipo ule. Wanafunzi waligoma, vyuo vikafungwa. Bodi ya mikopo ya HELB ikaundwa kwa sheria ya 1995, na 1998 Nairobi ikaanza kuwachukua wanafunzi sambamba, wale wanaojilipia karo yote.

Wachumi wanaweza kukueleza kipindi hicho kwa bajeti. Mimi nakitazama kupitia meza. Chakula kilipokuwa kimelipiwa, tajiri na maskini walipanga foleni moja. Ukikosa kula siku tatu, yule mnayekaa naye ataona kiti kitupu. Lipa-ndipo-ule ilipokuja, asiye na pesa hakuja mezani, na kutokuja kwake hakukumshangaza mtu. Watu wakaanza kupika vyumbani kwa koili za stima zilizofichwa chini ya kitanda. Kila mtu na sufuria yake. Njaa ikawa siri ya mtu, na huzuni nayo ikafuata.

Lakini nisiwe mwongo wa kusifia zamani. Ile sahani ya bure ilikuwa ya wachache, na ililipiwa na kodi za watu ambao watoto wao hawakuiona. Mamangu alikuwa msichana mwerevu wa Kabras, na hakuna siku chuo kikuu kilikuwa ndoto inayozungumzwa nyumbani kwao. Leo, watoto wake wawili wameitwa. Kutoka Lubao, ukipanda matatu kwenda mjini, unapita lango la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kilianza 1972 kikiitwa WECO, mojawapo ya vyuo vya harambee, watu wa Magharibi wakichangia ili watoto wao wapate pa kusomea. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na 2007 kikasimama chenyewe. Huo ni ushindi, na sitaki kuurudisha.

Tulichokosa ni kuongeza viti vya meza tulipoongeza viti vya darasa. Milango ilifunguliwa na wanafunzi wakawa wengi kuliko vitanda. Pale Kakamega, makomredi wengi wanaishi nyumba za kupanga, Lurambi, Kefinco na kwingineko. Bweni lilikuwa na msimamizi. Mwenye ploti anakujua tarehe tano ya mwezi tu.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ya dhiki, wanafunzi wenyewe walijitengenezea watu wa kuwangoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, John Kiarie, Walter Mong'are na Tony Njuguna, walikuwa wanachekesha pamoja. Wakawa Redykyulass, na wakamwigiza Rais Moi kwenye televisheni akiwa bado madarakani. Kuna kikundi cha wanafunzi Wakristo kinachogawana wapya kwa vyumba ili kila mmoja atembelewe. Wenzao Waislamu hufuturu pamoja Ramadhani. Kuna vyama vya watu wa kaunti moja ambavyo kila mtu huvicheka, mpaka siku amefiwa na vikachanga nauli.

*

Mwaka 1975, mtaalamu wa Marekani anayeitwa Vincent Tinto aliandika makala kuhusu wanaoacha chuo. Wazo lake la msingi aliliazima kutoka kwa Émile Durkheim, Mfaransa aliyechunguza kwa nini watu hujiua, akaona kwamba kutofungamana na jamii ni sehemu kubwa ya jibu. Tinto akasema kuacha chuo nako kuna sura hiyo. Wapo wanaoondoka kwa kufeli, na wapo wanaoondoka kwa kukosa pesa. Lakini wapo pia ambao maksi zao ni nzuri, ila hawakuwahi kushonwa na chuo, si darasani wala nje yake. Uzi hauvuti popote wanapoondoka.

Niliposoma hivyo nilifunga simu nikatoka nje nikakaa kwenye gogo. Maksi zangu za mwaka wa kwanza zilikuwa nzuri.

Ofisi ya ushauri nasaha tulikuwa nayo. Nilijua ilipo, karibu na maktaba, mlango wa bluu. Niliupita mara nne. Sina lawama kwa mama aliyekuwa ndani. Shida ni kwamba ofisi ya namna hiyo inamngoja mgonjwa apate nguvu za kwenda mwenyewe, na ugonjwa wenyewe ni kukosa nguvu. Vilabu pia vilikuwapo. Wiki ya kwanza nilijiandikisha vitatu, nikapewa fulana moja, na sikuitwa tena. Na darasani kulikuwa na karatasi ya mahudhurio. Rafiki yangu aliniwekea sahihi wiki tano mfululizo. Alidhani ananisaidia, na mimi ningemfanyia vilevile. Kwa hivyo kwenye faili la chuo, katika zile wiki mbaya kuliko zote maishani mwangu, mimi nilikuwa nimehudhuria.

Nikarudi kwa mdogo wangu na jibu. Nilimwambia hivi: vitu hivyo husaidia, lakini si vyote, na si kwa sababu ya picha. Ukitaka kujua programu gani itakufaa, jiulize swali moja. Nisipofika, kuna kitu kitakwama? Fulana haikwami. Hotuba ya kuwapokea fresha haikwami. Lakini kwaya ikikosa sauti ya nne inasikika. Mchezo ukikosa mfalme haufunguki. Na chuo nacho kijiulize hivyohivyo. Hakihitaji jumba jipya. Kiongozi wa darasa akipewa orodha ya watu 10 na pesa kidogo za simu, na akiambiwa kwamba mtu akikosa wiki mbili ni lazima apigiwe, hiyo ni programu. Wauzaji wa mbwa wanaiendesha bila bajeti.

Akanisikiliza akikunja nguo. Shuleni alikuwa golikipa wa timu ya hoki, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kupigwa mipira.

"Basi ingia hoki," nikamwambia. "Golikipa akilala, hakuna mechi."

"Na wakiwa na golikipa tayari?"

Mama alikuwa anafunga godoro kwa kamba ya katani, akajifanya hasikii. Ndoo ilikuwa imejaa: jagi, sabuni, unga, na koili ambayo sote tulijua hairuhusiwi. Nje kulikuwa kunabweka, ilikuwa Ijumaa. Nilifikiria ile simu, na jinsi nilivyotuma zile 240 kwa M-Pesa siku hiyohiyo, halafu nikajuta kidogo, kwa sababu hakuwa tena na sababu ya kunipigia.

"Wakiwa naye tayari," nikamwambia, "tafuta mama wa chapati. Kopa. Lipa polepole."